Mkono wa Sentimita Mia na Nane

Damien alipenda kuitwa Enjenia, na kwa kuwa watu wa Kalemie, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa Tanganyika, ni wapole kupita kiasi, wakamwita hivyo. Mimi sikumwita Enjenia hata siku moja. Nilimwita Damien, maana nilimjua kabla hajapata tumbo, wakati alipokuwa na meza moja karibu na stesheni ya gari la moshi, anawachapia watu barua za kuomba kazi na kuwakosea majina. Baba yake alikuwa mkulima wa maharagwe kule milimani Moba, mtu wa kanisa asiye na maneno mengi, aliyeuza mbuzi wake wote mmoja mmoja ili kijana akasomee mambo ya kompyuta Lubumbashi. Kijana alisoma miaka miwili, akarudi na miwani ya jua na neno moja la Kifaransa alilolipenda kuliko alivyompenda mama yake: valide, yaani imekubalika. Samaki akiwa mtamu, valide. Msichana akipita barabarani, valide. Hata kwenye kilio cha jirani yetu nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwamba mahubiri ya padri yalikuwa valide.

Vita vilimnenepesha mtu huyu. Wengine vita viliwakondesha, yeye vilimnenepesha, na sioni kwa nini nilimung'unye neno. Mwaka wa 2017 watu walikimbia vijiji vyao upande wa Nyunzu na Kabalo, nyumba zikiwaka nyuma yao, wakaja kujaa Katanika, nje ya mji wetu, chini ya mabashi, yaani maturubai, na vibanda vya nyasi. Mashirika yakaja nyuma yao, na shirika likifika mahali, kitu cha kwanza linachotaka ni mtu mwenye kompyuta. Mojawapo likamchukua Damien. Silitaji jina, limeshaondoka, na kibao chake mtu amekwisha kuezekea banda la kuku.

Lilinichukua na mimi pia. Mimi ni Mouna, binti Sulemani, wa familia ile ya wafanyabiashara wa ziwani ambao babu zao walikuja na kitambaa na chumvi wakasahau kuondoka. Nilikuwa nimesaidia miaka mingi kwenye kituo cha afya, kwa hiyo nilipewa kazi ya kupima mikono ya watoto. Na Papa Pontien, karani mstaafu wa reli, mzee anayefunga kifungo cha shati mpaka shingoni hata jua likiwa kali namna gani, alipewa kazi ya kuingiza vipimo vyangu kwenye kompyuta.

Kupima mkono si elimu kubwa. Unamshika mtoto mkono wa kushoto, unamzungushia utepe katikati ya bega na kiwiko, unauvuta kidogo, unasoma. Utepe wenyewe una rangi. Kijani, mtoto yuko sawa. Njano, mchunge. Nyekundu, yaani chini ya sentimita kumi na moja na nusu, mtoto anakwisha, mpe zile pakiti za karanga zenye dawa leo hii, usingoje kesho. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja anaweza kuifanya kazi hii. Ndiyo maana sikuelewa tangu mwanzo Damien alikuwa anatafuta nini pale katikati.

Siku ya kuzindua programu yake alitukusanya ndani ya hema, wafanyakazi wote, na soda ya bure. Alivaa koti. Akaunganisha kompyuta na projekta, ukuta wa hema ukawaka, tukaona kisanduku cheupe cha kuandikia kipimo.

"Sasa muangalie vizuri," akasema. "Mashini yangu haimezake uongo. Mutu akiandika kitu chenye haiko namba, inakataa palepale. Inaangalia kwanza: hii njo namba ama hapana? Kama njo namba, inapita. Valide."

Akaandika neno "ndizi". Kisanduku kikawa chekundu, kompyuta ikalia kama kifaranga kilichokanyagwa, na maandishi yakatokea: Valeur invalide. Watu wakapiga makofi. Akaandika 12. Kijani, kimya, imepita. Makofi tena. Kisha akalewa makofi, akaandika jina lake mwenyewe, Damien, na kompyuta ikalia: Valeur invalide. Kwa dakika moja niliipenda sana mashine ile.

Hakuna aliyemwambia aandike kumi na moja na nne. Mimi pia sikumwambia, nilikuwa nakunywa soda. Aliandika 12, akaandika 13, akaandika 10, namba nzima nzima zisizo na mkia, kwa sababu hajawahi kushika mkono wa mtoto akaona kwamba mikono ya watu haiji kwa namba nzima. Inakuja kumi na moja na kitu. Na shuleni kwetu, tangu darasa la nne, tumefundishwa kutenganisha ile sentimita na mkia wake kwa mkato, ule tunaouita virgili: 11,4. Hivyo ndivyo fomu zangu zote zilivyoandikwa, na hivyo ndivyo kila karani kuanzia Kalemie mpaka Kongolo anavyoandika.

Kumbe programu ya Damien haikujua mkato. Ilitaka nukta. Haya nimeyajua baadaye sana, kutoka kwa binti mmoja fundi, Bertille, aliyetumwa kusafisha uchafu wa Damien na aliyeona tatizo kabla hajamaliza chai. Damien alikuwa amenakili programu ya watu wa mbali wanaoandika namba zao kwa nukta, akabandika jina lake juu, na hakujua kilichomo ndani.

Basi asubuhi iliyofuata Papa Pontien akaketi, akafuta kioo kwa leso, akaingiza kipimo cha kwanza: 11,4. Kompyuta ikalia. Akaingiza tena. Ikalia tena. Mzee huyu alinakili uzito wa mabehewa ya mzigo kwa miaka thelathini na moja, na hakuna mtu aliyewahi kumrudishia karatasi. Masikio yake yakapata moto. Nje, foleni ya kina mama ilikuwa imefika kwenye bomba la maji. Akampigia simu Damien, akaweka sauti nje ili nami nisikie.

"Enjenia, samahani kukusumbua. Mashini inakataa vipimo."

"Umeandika nini, Papa?"

"Kumi na moja, virgili, ine."

"Aah, Papa Pontien! Nilisema namba. Namba tu! Ile mavirgili yako utoe, hatuko tena kwa wakati ya gari ya moshi."

Na akakata. Nilisikia kijiko kikigonga sahani kabla hajakata.

Mzee alitii. Huo ndio ugonjwa wetu, mtu akiwa na kompyuta tunamtii. Akatoa mkato. 11,4 ikawa 114, kisanduku kikawa kijani, kimya, imepita. 12,3 ikawa 123. Imepita. Siku tatu nzima alitoa mikato, mamia ya mikato, na kompyuta haikulia hata mara moja. Damien alipita Ijumaa kupigwa picha, akaona skrini yote kijani, akampiga mzee begani kwa vidole viwili. "Valide," akasema.

Orodha ilitoka Jumanne. Iliamriwa kwamba pakiti za karanga apewe yule tu ambaye jina lake limo kwenye orodha ya kompyuta. Nilikuwa nimepima watoto mia nne na kitu, na nyekundu nilizoziona kwa macho yangu zilitosha kunikosesha hamu ya kula. Kwenye orodha kulikuwa na watoto tisa. Tisa! Wote ni wale ambao mkono wao, kwa bahati, ulikuwa namba nzima, kumi kamili au kumi na moja kamili. Lakini siku ile sikuliona hilo. Niliona tu majina tisa, na nyuma yangu katoni kumi na nne zimepangwa mpaka kwenye paa la hema.

Mwanamke wa kwanza kusimama mbele yangu alikuwa Émérence. Alitembea kutoka kijiji cha upande wa Kabalo na watoto wawili, akafika Katanika na mmoja, Rebecca, wa mwaka na nusu. Nilimkumbuka vizuri. Mkono wa Rebecca ulikuwa kumi na nane ya kumi, 10,8, na ngozi ilibaki imesimama nilipouachia utepe. Nikapekua orodha mara tatu.

"Jina halimo, mama. Rudi kesho."

"Juu ya nini haimo? Utepe ilikuwa nyekundu. Nilikuona ukitikisa kichwa."

"Mashine haijamkubali."

Nilisema hivyo. Mimi, Mouna, kwa kinywa changu mwenyewe, na katoni kumi na nne mgongoni. Nimemtukana Damien tangu mwanzo wa habari hii na nitamtukana mpaka mwisho, lakini siku ile tulikuwa wajinga wa daraja moja, na mimi nilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu yeye hakuwa amemwona mtoto.

Jumatano Émérence alirudi. Alhamisi akarudi. Alhamisi ile Rebecca hakulia tena nilipomgusa, na ziwa la mama lilikuwa mdomoni mwake hanyonyi, ameliweka tu. Nilimpima upya. Kumi na sita ya kumi, 10,6. Ndipo nilipopata aibu, na aibu ikageuka hasira upesi, kama kawaida yangu. Nikamwambia Émérence anifuate, tukapanda pikipiki moja, watatu na dereva, tukavuka mto Lukuga mpaka biro, ofisi ya shirika.

Damien alikuwa mezani, feni inampepea, mbele yake bukari, ule ugali wetu, na samaki wawili, mikebuka wa mafuta. Julienne, mpishi wa biro, alikuwa anamwekea maji ya kunawa. Sikusalimu.

"Mtafute Rebecca, mtoto wa Émérence. Namba mia mbili kumi na saba."

Akanawa taratibu, akabonyeza, akageuza skrini ili nione. "Huyu hapa. Kipimo: mia na nane. Kijani. Hali ya mutoto: muzuri. Iko valide, Mama Mouna."

"Mia na nane nini?"

"Sentimita."

Nikamtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtu mzima, mwenye ndevu, aliyelelewa na mama, ananitazama usoni na kuniambia kwamba mkono wa mtoto wa mwaka na nusu una mzunguko wa sentimita mia na nane.

"Damien, umewahi kuona mkono wa namna hiyo?"

"Miye si munganga. Programu haiangaliake mukono, inaangalia kama njo namba. Mia na nane njo namba ama haiko namba?"

"Ni namba."

"Voilà."

Huwa natembea na mita ya cherehani mkobani, maana nashonea wanawake vitenge. Nikaitoa. Nikazunguka meza, na kabla hajajua nataka nini nilikuwa nimeipitisha nyuma ya mgongo wake na kuifunga mbele, juu ya kitovu, palepale bukari ilipokuwa inaelekea. Nikasoma kwa sauti.

"Tisini na sita. Haya, Damien. Tumbo lako, na samaki wote waliomo, ni tisini na sita. Mkono wa mtoto huyu unalizidi tumbo lako kwa sentimita kumi na mbili. Mwangalie."

Julienne aliweka birika chini, akakaa sakafuni, akacheka mpaka akafunika uso na kitambaa. Émérence hakucheka. Alifunua kitenge, akautoa mkono wa Rebecca nje, akauweka mezani karibu na sahani. Ulikuwa mwembamba kuliko mkia wa yule samaki.

Damien aliuangalia mkono, akaangalia skrini. Na niamini, aliiamini skrini. Nilimwona akichagua.

"Hata kama iko kosa," akasema, "miye siwezi kubadilisha. Ikishapita, inafungwa. Mungoje wakubwa, watakuja mwezi ujao."

Mwezi ujao! Nikakunja mita yangu. Kuna watu ukiwajibu unajipunguza mwenyewe.

Tulirudi Katanika. Nikafungua katoni ya kwanza kwa meno, nikakata pakiti, nikamlambisha Rebecca kwa ncha ya kidole, kidogo, tena kidogo, mama yake akimtilia maji. Alitema. Akatema tena. Mara ya tano akameza. Papa Pontien alikuja kuangalia kelele ni za nini, nikamweleza habari ya mia na nane. Mzee alisimama, akahesabu kichwani, na niliona uso wake ukisawijika.

"Njo miye nilitoa," akasema. "Mama Mouna, njo miye, na mukono yangu. Miaka makumi tatu na moja kwa reli sikutoa virgili hata moja."

Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alizima kompyuta, akaifunika na leso yake, akachukua daftari la mistari na penseli nyekundu. Tulikaa na fomu za karatasi mpaka alasiri, mikato yake yote bado imo, tukawapata watoto arobaini na mmoja. Tukawaita banda kwa banda. Nilitoa pakiti bila orodha, nikijua kwamba hilo linaitwa wizi, na kwamba Damien atakuwa wa kwanza kuliita hivyo. Tangu siku ile mama aliingia, mtoto akapimwa kwa utepe, akatoka na haki yake, na daftari la mzee ndilo lililokuwa ofisi.

Rebecca alikaa wiki mbili kati ya huku na kule. Siku nyingine Émérence akinijia niliogopa kumtazama mgongoni. Wiki ya tatu mtoto alilia kwa nguvu nilipompima, akanipiga teke, na nilifurahi kuliko siku niliyoolewa. Wiki ya nane mkono wake ulikuwa kumi na mbili kamili.

Wakubwa, baada ya kuchelewa, walikuwa wanakaribia kufika, wakataka vipimo vya mwisho viingizwe kwenye kompyuta. Papa Pontien akaifunua, akapangusa vumbi, akaandika 12. Namba nzima, haina mkia. Imepita.

Siku mbili baadaye pikipiki ilinifikishia bahasha yenye muhuri. Ndani kulikuwa na ile karatasi inayomtia baridi kila mfanyakazi wa nchi hii: demande d'explication. Nilitakiwa kueleza kwa maandishi, kabla ya saa arobaini na nane, ni kwa nini mtoto namba 217, aliyeingia akiwa na hali nzuri, sentimita 108, amefika sentimita 12 akiwa chini ya uangalizi wangu. Chini, kwa herufi nzito: upungufu, sentimita 96. Saini: Enjenia Damien.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikamwita Émérence, akamfunga Rebecca mgongoni, tukavuka Lukuga tena.

Safari hii Damien hakuwa anakula. Alikuwa amevaa lile koti, kwa ajili ya wageni. Nikachukua kalamu mezani kwake, na kwenye karatasi yake mwenyewe, mahali pa maelezo, nikaandika: "Sentimita tisini na sita zilizopungua nilizipima mwenyewe, Julienne ni shahidi. Ziko chini ya mkanda wa Damien." Nikatia saini na tarehe, nikamsukumia.

Akasoma. Shingo yake ikavimba.

"Hii njo maelezo ama matusi?"

"Vyote viwili. Valide."

Alianza kusimama, na sijui alitaka kufanya nini. Lakini Émérence alikuwa amemshusha Rebecca mgongoni, akamketisha juu ya meza, kati ya kompyuta na Damien, miguu inaning'inia. Mtoto akaushika waya wa kompyuta, akautia mdomoni. Émérence akachukua utepe wangu shingoni kwangu, akamnyooshea.

"Papa Enjenia," akasema kwa adabu, kwa sauti ileile aliyoniuliza nayo siku ya kwanza, "unasema mutoto wangu amepoteza sentimita. Pima wewe mwenyewe."

Damien aliupokea utepe. Hakuwa na la kufanya, Julienne alikuwa mlangoni anatazama. Aliugeuza upande wa rangi, akaugeuza upande mweupe, akaupitisha kwenye kitundu, ukachomoka. Jasho lilimtoka chini ya feni. Zaidi ya miezi miwili mtu huyu alikuwa anaamua mikono ya watoto wa Katanika. Akamwangalia Rebecca, akaniangalia mimi, akauliza polepole, "Mukono gani?"

"Wa kushoto," nikamwambia.